Ramani mbili mezani: jinsi ya kuchagua unapoongeza vyumba kwenye nyumba unayoishi

Wengi wanaonijia na ramani mbili mkononi huanza kwa kuhesabu vyumba. Hii ina vinne, ile ina vitano, basi ile ni bora. Mimi huchora ramani hapa Dar es Salaam, na siku hizi kazi nyingi inayonifikia ni ya kuongeza: nyumba ya vyumba vitatu imezidiwa, watoto wamekua, mzazi amehamia kutoka kijijini. Kwa nyumba ya namna hiyo mimi hutazama kwanza pale jengo jipya linapogusa la zamani. Hapo pana mapaa mawili yanayokutana, misingi miwili ya umri tofauti, mlango unaotobolewa kwenye ukuta uliozoea kuwa mzima, na bomba jipya linalotafuta chemba ya zamani, kile kishimo chenye mfuniko mabomba ya maji machafu yanapokutania. Ramani mbili zinaweza kulingana kwa vyumba na ukubwa, moja ikakupa raha na nyingine ikakuwekea ndoo za kukingia maji sebuleni kila masika.

Nitaeleza kwa kutumia nyumba moja ya Tabata niliyoishughulikia, kwa kuwa ndani yake yamo karibu mambo yote. Mume, mke, watoto wanne, na bibi aliyeletwa kutoka Muheza baada ya magoti kumsumbua. Watu saba, choo kimoja. Kiwanja ni mita 20 kwa 25, barabara iko kaskazini. Nyumba ina upana wa mita 10 na kina cha mita 9, imesogezwa upande wa magharibi, kwa hiyo mashariki kuna mita 8 za wazi zinazotumika kuegesha gari, na nyuma, kusini, kuna uani wenye shimo la maji taka na mwembe. Sebule iko mbele upande wa mashariki, jiko liko nyuma yake, vyumba vya kulala viko magharibi ya korido.

1. Chora nyumba uliyonayo kwanza

Chukua tepu, karatasi na mtu wa kukushikia ncha ya pili. Pima kila chumba kwa ndani, ukuta kwa ukuta, kisha milango, madirisha, na kimo kutoka sakafuni hadi darini. Weka alama pale mabomba yanapotokea nje, chemba zilipo, shimo lilipo, na waya wa umeme unapoingilia. Usitegemee ramani ya zamani hata kama unayo kabatini. Nyumba nyingi zilijengwa tofauti na zilivyochorwa. Fundi alisogeza dirisha, mwenye nyumba akaongeza stoo, na hakuna aliyerudi kusahihisha karatasi.

Mchoro huu wakati mwingine hufuta nusu ya mahitaji. Nimewahi kukuta chumba cha kulia kinachotumiwa Idi na Krismasi tu, siku nyingine zote kimejaa masanduku. Chumba hicho kilihitaji ukuta mmoja na mlango, kikawa cha kulala.

2. Andika asubuhi moja ya nyumba yako

Siku ya shule, amka kabla ya wote, kaa na daftari. Nani anaingia bafuni saa ngapi, nani anasubiri, nani anapita wapi kufika wapi. Pale Tabata gari la shule lilikuwa likifika saa kumi na mbili kasoro robo. Kuanzia saa kumi na moja alfajiri watoto wanne walikuwa wamejipanga kwenye korido, na bibi, ambaye ndiye asiyeweza kusubiri, alikuwa akienda kwa choo cha jirani akisaidiwa na mjukuu. Mke alikuja kwangu akiomba masta, yaani chumba cha wazazi chenye bafu ndani. Daftari lilionyesha kwamba shida ya nyumba ilikuwa choo cha pili kinachofikiwa na wote bila kupita chumbani kwa mtu. Hilo halikumfurahisha, na sikumlaumu. Alikuwa ameisubiri hiyo masta miaka kumi na miwili.

3. Weka kila ramani juu ya nyumba ya zamani

Ramani A ilikuwa ya nyuma: bawa la mita 10 kwa 4.5 lililofunika upande wote wa kusini, lenye vyumba viwili na mabafu mawili, moja likiwa la masta. Ramani B ilikuwa ya ubavuni: bawa la mita 4.2 kwa 9 upande wa mashariki, vyumba viwili na bafu moja kubwa katikati. Kwenye karatasi A ilipendeza zaidi, na gari lilibaki na nafasi yake yote. Mume alitaja pia ghorofa. Nilimweleza kuwa msingi wa nyumba ya chini haukukusudiwa kubeba ghorofa, na kwamba mhandisi angelazimika kuufukua, kuupima na kutuambia nguzo zisimame wapi, kabla hata ya kuzungumzia ramani. Tukaliacha.

4. Uliza paa kabla ya kuuliza vyumba

Hapa nakuomba utulie, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha.

Paa la nyumba ile ni la mgongo wa tembo, lile linaloteremka pande mbili, kofia yake, yaani mstari wa juu pande hizo zinapokutana, ikienda mashariki hadi magharibi. Michirizi ya maji iko kaskazini na kusini. Ramani A iliongeza upande wa kusini, yaani pale hasa maji yanapomwagikia. Jambo la kwanza linalomjia mtu ni kurefusha bati liendelee kushuka. Fanya hesabu. Paa lenye mteremko wa nyuzi 20 hushuka kama sentimita 36 kwa kila mita moja. Kwa mita 4.5 litashuka zaidi ya mita 1.6. Ukuta wa zamani ulikuwa na kimo cha mita 2.7. Ukitoa, ukuta wa nje wa vyumba vipya unabaki na mita moja na kidogo, kimo cha mtoto wa chekechea. Haiwezekani.

Njia ya pili ni kuvipa vyumba vipya paa lao lenye mgongo wake, sambamba na la zamani. Sasa mapaa mawili yanamwaga maji yakitazamana, na kati yao unapata mfereji uliolala juu ya ukuta wa ndani ya nyumba. Majani ya mwembe yakiuziba, maji hayana pa kwenda isipokuwa darini. Miaka yangu ya mwanzo nilimchorea mtu mfereji wa namna hiyo. Masika ya kwanza dari la korido lilianguka na kumkosa mtoto kwa hatua chache. Nilikwenda kuliona, nikashika kile kipande cha dari kilicholowa kama mkate uliotiwa chai, na tangu siku hiyo sichori mapaa mawili yanayomwagiana juu ya vichwa vya watu kama ipo njia nyingine.

Njia nyingine ya nyuma ipo: kuugeuza mgongo wa paa jipya uende kusini na kukutana na la zamani kama herufi T. Utapata mabonde mawili, yaani pembe ambapo miteremko ya mapaa hukutana, badala ya mfereji mmoja, na mabonde yana mteremko, kwa hiyo maji hukimbia. Lakini kila bonde linataka bati pana lililokunjwa chini yake na fundi mwangalifu.

Ramani B iliongeza pale paa linapoishia kwa ukuta wa pembetatu. Hapo unaongeza kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba bati, za umbo lilelile, unarefusha kofia, bati linaendelea kwa mteremko uleule. Hakuna bonde wala mfereji wa ndani. Ukiwa na paa la mgongo wa tembo na nafasi ubavuni, anza kutazama upande huo hata kama moyo wako uko nyuma ya nyumba.

5. Fuata maji machafu

Bomba la choo la inchi 4 linataka mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Bafu la ramani B lilihitaji bomba la mita 10 kufika chemba ya nyuma ya jiko, yaani sentimita 25 za kushuka. Tukafunua chemba, tukapima kina, kilitosha. Kama kisingetosha, choo kingeziba kila mwezi na hakuna rangi wala marumaru ambazo zingewafuta machozi.

Ramani A ilikuwa karibu zaidi na shimo, na hilo lilikuwa jema lake. Ila ilizifunika chemba tatu, mbili zikiangukia ndani ya vyumba vya kulala. Chemba haikai chumbani. Ingebidi kuhamisha mstari wote wa maji machafu, gharama ambayo haikuandikwa popote kwenye makadirio ya kwanza.

Kama nyumba yako ni ya Waislamu, angalia pia choo kinaelekea wapi. Kutoka Dar es Salaam kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo mkao wa mashariki na magharibi ndio unaokubalika na wengi. Mchoraji akijua mapema ni suala la kugeuza alama; fundi bomba akishapitisha bomba kwenye jamvi, yaani sakafu ya zege, ni kuvunja.

6. Kusi na kaskazi

Wazee wa pwani walijenga kwa kuufuata upepo. Kusi huvuma kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, ukitoka kusini na kusini-mashariki. Kaskazi huja kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Machi, ukitoka kaskazini-mashariki, na hiyo ndiyo miezi ya joto kali. Kwa hiyo chumba chenye dirisha la mashariki au kaskazini ndicho kinachopumua wakati unapohitaji zaidi, na dirisha la pili kwenye ukuta mwingine ndilo linaloutoa upepo nje. Ukuta wa magharibi hupokea jua la alasiri na kulitunza hadi usiku. Ukiweza, upe stoo au bafu.

Ramani A ilikuwa inafunga madirisha yote ya kusini ya nyumba ya zamani: jiko, bafu, chumba cha watoto. Jiko lingebaki na dirisha moja la mashariki, na bafu la zamani lingekosa dirisha kabisa. Ramani B ilifunga dirisha la mashariki la sebule na la jiko, lakini sebule ilibaki na la kaskazini na jiko na la kusini, na vyumba vipya vyote viwili vilikuwa na madirisha pande mbili. Hesabu namna hiyo: usihesabu madirisha unayopata tu, hesabu na yale unayoyaziba.

(Aliye kwenye baridi ya Njombe au Makete anaweza kuyageuza haya. Kwake jua linaloingia chumbani ni neema.)

7. Ingiza kitanda kwenye ramani

Chumba kikiandikwa mita 3 kwa 3, uliza: imepimwa kutoka wapi? Michoro mingi hupima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofali la inchi 6 ni sentimita 15, kwa hiyo chumba kimeshakuwa mita 2.85. Toa plasta pande zote mbili, unabaki na kama mita 2.82. Kitanda cha futi 6 kwa 6 kinachukua mita 1.83. Kabati la nguo lina kina cha sentimita 60. Zilizobaki ni sentimita 39. Mlango wa kabati wa sentimita 45 haufunguki, na mtu wa kutandika kitanda upande huo apite kimgongomgongo. Kata vipande vya karatasi kwa vipimo vya kitanda, kabati, makochi na meza ya chakula, kwa kipimo kilekile cha ramani, kisha uvipange. Milango nayo iichore ikiwa wazi.

Bafu la mzee lina masharti yake: mlango wa sentimita 90, sakafu isiyo na ngazi wala kizingiti, marumaru yenye mkwaruzo, choo cha kukaa, na ukuta imara wa kufungia vyuma vya kushikia. Mlango ufungukie nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaouzuia, nanyi mko nje mnasukuma.

8. Piga kamba, mtembee

Hatua hii haina gharama kubwa na ndiyo inayoamua. Nunua vigingi vya mbao, kamba na mfuko wa chokaa. Chora ramani zote mbili ardhini kwa ukubwa wake halisi, acha uwazi pale penye milango, weka viti palipo na vitanda. Kisha wote mtembee, pamoja na mzee na watoto.

Pale Tabata tulipiga kamba Jumamosi asubuhi. Bibi aliletwa na mkongojo wake. Kwenye ramani A alitoka "kitandani", akapita jikoni, akakatiza mbele ya jiko la gesi, ndipo akafika sebuleni. Hakusema kitu. Kwenye ramani B alikaa kwenye kiti kilichowekwa dirishani upande wa kaskazini, akatazama getini muda mrefu, akasema, "Hapa nitamwona anayeingia." Akahesabu hatua hadi bafuni, nne. Mke akamtazama mama mkwe wake, kisha akaniambia niifute ile masta.

Kamba ilifichua pia kosa langu. Kwenye ramani B nilikuwa nimeligeuza dirisha la zamani la sebule kuwa mlango wa bawa jipya. Ni njia nzuri ya kuokoa gharama, kwa sababu linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya uwazi, tayari iko juu. Unatoa tofali za chini tu. Lakini dirisha lilikuwa katikati ya ukuta. Kila aliyekwenda bafuni alipita kati ya makochi na televisheni, na mgeni aliyeketi aliona moja kwa moja mlango wa chumba cha bibi. Hapakuwa na stara. Tukausogeza mlango hadi kona ya kusini ya sebule, jirani na mlango wa jikoni, ili njia moja ihudumie milango miwili. Nyuma yake tukaweka kiukumbi cha mita 1.3 kwa 1.8 kinachogawa: kushoto kwa bibi, kulia kwa wazazi, mbele bafuni. Tulilipa linta mpya na kuziba dirisha. Nina hakika ilistahili.

Ziache kamba siku kadhaa. Egesha gari kwenye nafasi iliyobaki, fungua milango yake yote. Anika nguo. Kwa ramani B zilibaki mita 3.8 hadi mpaka wa jirani, gari likaingia na mtu akapita pembeni.

9. Msingi na ukuta

Nyumba ya zamani imeshatulia ardhini. Mpya itatulia polepole, hasa ikipigwa na masika ya kwanza. Ukizifunga tofali mpya kwenye za zamani kwa kuzipishanisha, ufa utatokea palepale. Mhandisi ndiye wa kusema kama kuta zifungwe kwa nondo au uachwe mwanya ulionyooka utakaofunikwa. Kama udongo wako ni mfinyanzi unaovimba mvua zikinyesha na kusinyaa kiangazi, usilikwepe swali hili. Msingi mpya usichimbwe chini zaidi ya wa zamani bila yeye kuwepo. Na jamvi jipya lilingane na sakafu ya zamani, marumaru zikihesabiwa; pima kwa mpira wa maji wa kupimia usawa. Kizingiti cha sentimita tatu tu kinatosha kumwangusha mwenye magoti mabovu.

10. Makadirio na kibali

Omba makadirio ya ramani zote mbili kutoka kwa mtu yuleyule, yakionyesha kivyake gharama za kiungio: kubomoa, paa, linta, kuhamisha mabomba, kurudisha rangi na dari nyumba ya zamani. Ili kukagua idadi ya tofali si lazima uwe fundi. Ukuta wa tofali za inchi 6 hula kama tofali 10 kwa mita moja ya mraba. Kuta tatu za nje za ramani B zina mita 17.4, kwa kimo cha mita 2.7 hizo ni mita za mraba 47, tofali kama 470 kabla ya kuongeza pembetatu ya paa na kutoa milango na madirisha. Ukiona tofali 900 kwa kuta hizo, uliza.

Kuongeza jengo mjini kunahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, kama ilivyo kwa nyumba mpya. Tafuta bikoni zako, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na uulize ofisi ya mipango miji umbali unaotakiwa hadi mpaka kabla hujaipenda ramani. Maji ya paa nayo yasimwagikie kwa jirani.

11. Ukuta wa zamani ubomolewe mwisho

Kama mtaendelea kuishi humo, chagua ramani inayoruhusu bawa jipya lijengwe hadi bati na madirisha bila kuigusa nyumba. Anzeni mwezi wa sita, masika yakiwa yameisha, ili paa liunganishwe kabla ya vuli. Pale Tabata familia ililala kwa amani wiki zote, jiko likapika, watoto wakaenda shule. Siku ya kutoboa mlango mafundi walitundika turubai sebuleni, wakaanza saa mbili asubuhi, na kufikia alasiri bibi alishapita mara mbili, akipapasa ukuta mbichi kwa kiganja.